Mnyama wa Nyumbani Humfariji Mwenye Maumivu

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Maana ya maneno hayo waijua sana watu wenye maumivu ya siku nyingi: wazee wenye baridi yabisi, watu walioumia mgongo, na watoto wenye selimundu. Ugonjwa wa siku tatu huijaza nyumba wageni. Uji waletwa, kuni zakatwa, maji yatekwa bila kuombwa. Lakini ugonjwa wa miaka mitatu huwachosha watu. Wageni hupungua, nao wenyeji huzoea kusikia kilio. Mwisho mgonjwa hunyamaza, kwa kuwa aona haya kusema kila siku neno lile lile: naumwa.

Nyumba ikiisha kunyamaza hivyo, mara nyingi abaki mbwa mlangoni au paka miguuni pa kitanda. Wengi wetu humfukuza kwa ufagio, tukidhani twamsaidia mgonjwa. Yafaa tufikiri kwanza.

Bibi Florence Nightingale, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1820, ajulikana ulimwenguni kwa kazi yake ya kuwauguza askari wa vita vya Krimea. Alifika Uturuki kwa kazi hiyo mwaka 1854. Mwaka 1855 yeye mwenyewe alishikwa na homa kali, na aliporudi kwao mwaka 1856 hakuwa tena mtu wa afya. Kwa miaka mingi aliteswa na maumivu, hasa ya mgongo, akafanya kazi yake chumbani, mara nyingi akiwa kitandani. Paka wake walikaa naye humo, na alama za nyayo zao zimeonekana juu ya baadhi ya karatasi zake.

Mwaka 1859 aliandika kitabu juu ya kuuguza. Humo alieleza kwamba mnyama mdogo huwa mwenzi mwema wa mgonjwa, na zaidi mgonjwa wa muda mrefu. Akaongeza neno la busara: kama mgonjwa aweza kumlisha na kumsafisha mnyama huyo kwa mikono yake mwenyewe, atiwe moyo afanye hivyo.

Tuliangalie sana neno hilo. Mtu mwenye maumivu hupewa kila kitu: apewa chakula, apewa maji, ashikwa mkono. Polepole ajiona mzigo tu. Lakini asubuhi paka alia mbele yake akitaka chakula, naye ajua kwamba yuko anayemhitaji. Ataketi, atanyosha mkono, pengine atasimama. Viungo visivyotumika huzidi kukakamaa, basi hata mwendo huo mdogo una faida.

Je, mnyama ajua kwamba bwana wake aumwa? Mwaka 2012 wataalamu wa London waliwajaribu mbwa 18. Mtu alizungumza, kisha akavumisha wimbo, kisha akajifanya analia. Mbwa wengi walimwendea alipolia kuliko alipofanya yale mengine, hata alipokuwa mgeni kwao. Hatuwezi kusema kwamba mbwa huelewa mambo kama mtu. Lakini masikio yake na pua yake ni vikali kuliko vyetu, na kwa kukaa nasi siku zote hutambua sauti iliyobadilika na hatua iliyolegea. Paka naye pengine afuata joto la blanketi tu. Na iwe hivyo! Moto wa mwili wake ni kama digrii 38 na nusu, umezidi wetu kidogo, na mgongo unaouma hupenda joto.

Mwaka huo huo wa 2012, mjini Pittsburgh, Marekani, waganga wa maumivu ya muda mrefu walitoa habari za jaribio lao. Baadhi ya wagonjwa waliokuwa wakingoja zamu yao walikaa kidogo na mbwa aliyefundishwa upole. Wengine walingoja hivi hivi. Katika kila wagonjwa 100 waliokaa na mbwa, 23 walisema maumivu yamepungua kweli. Kwa wale wengine walikuwa 4 tu. Sababu yake si uchawi. Hofu na upweke hukaza mwili na kuzidisha maumivu. Kumpapasa mnyama mpole hutuliza moyo na kushusha presha ya damu.

Lakini tusikose kuangalia hesabu hiyo vizuri: wengi hawakupata nafuu kubwa. Mbwa si dawa, na mgonjwa asiache vidonge vyake wala siku yake ya hospitali.

Tena mnyama wa nyumbani ataka kutunzwa. Mbwa na paka wachanjwe kila mwaka, maana kichaa cha mbwa kikiisha kuonekana kwa mtu, ni kifo. Akiuma mtu, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha mtu aende hospitali siku ile ile. Twakumbuka mbwa walioramba vidonda vya maskini Lazaro, lakini sisi tusiwaache warambe vidonda, maana kinywa cha mbwa kina vijidudu. Wapewe dawa ya minyoo, na mikono inawe kabla ya kula. Mzee mwenye magoti mabovu aangaliwe mbwa asimwangushe njiani.

Basi, enyi wazazi, wafundisheni watoto wasimtupie mawe mbwa wa bibi. Makombo ya chakula mpeni bibi mwenyewe ampe kwa mkono wake. Lakini kuna jambo kubwa zaidi. Mnyama huyo haji na maneno wala shauri. Hamwambii mgonjwa ajikaze, wala hamwulizi atapona lini. Aja, akaa, na kesho aja tena. Kufanya hivyo hakuhitaji fedha wala elimu. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Ni aibu kijiji kizima kikimwachia paka kazi hiyo peke yake. Jioni ya leo, pita kwa jirani yako aliyelala miaka, ukae naye kidogo.