Kuitunza Okidi Baada ya Kuchanua

Wasikilizaji, leo twapenda kusema nanyi habari za ua liitwalo okidi, hasa habari za siku zile ambazo maua yake yamekwisha kuanguka. Watu wengi huitunza okidi vema wakati ina maua. Bali yakisha kupukutika huidhani imekufa, wakaitupa jalalani na kwenda mwituni kutafuta nyingine. Desturi hiyo yaleta hasara mara mbili: mmea ulio hai hutupwa, na mwitu hupungukiwa na mmea uliochukua miaka mingi kukua.

Watu wa Chiola, na wa Nachingwea na Ruangwa kwa jumla, wanalijua jambo hili katika mikorosho yao. Korosho zikisha kuokotwa, hapana mkulima aukataye mkorosho kwa sababu hauna matunda. Hupalilia chini yake, huondoa matawi makavu, akingoja mvua. Kwa maana mavuno yajayo hutegemea nguvu ambayo mti utaipata sasa. Okidi ni vivyo hivyo. Maua yakiisha, ndipo kazi ya kujiwekea akiba inapoanza.

Katika miombo ya Afrika ya Mashariki na ya Kusini iko okidi kubwa ambayo wataalamu huiita Ansellia africana. Maua yake ni ya manjano, na mara nyingi yana madoa ya kahawia mfano wa ngozi ya chui. Hukaa juu ya matawi ya miti, wala hainyonyi utomvu wa mti ulioibeba. Ina mashina manene kama miwa midogo, na ndani yake huweka maji na chakula. Baadhi ya mizizi yake husimama juu kama sindano, ikinasa majani makavu yaangukayo. Nayo yakioza huwa mbolea yake. Basi mtu aliye na okidi hii barazani au dirishani na ayafuate majira ya mwitu ilikotoka.

Kwanza, maua yakisha kukauka, kata kikonyo chake tu, kwa kisu kilichopitishwa motoni. Usikate mashina mazima, hata yakiwa hayana majani, kwa kuwa hayo ndiyo ghala ya mmea.

Pili, angalia mizizi. Iliyo mizima ni migumu na myeupe au ya kijivu. Iliyooza ni laini na ya kahawia, nayo ikatwe. Kama chungu kimejaa, hamisha mmea wakati machipukizi mapya yanapoanza kutoka. Usitumie udongo wa shamba. Mizizi ya okidi imevikwa ngozi kama sifongo, inywayo maji upesi na kuhitaji hewa. Ikizikwa katika udongo mzito huoza. Tumia vipande vya magome ya mti, mkaa na vigae, au makumbi ya nazi yaliyolowekwa na kusuuzwa ili chumvi itoke. Chungu kiwe na matundu chini.

Tatu, wakati wa mvua, machipukizi yanapokua, mwagilia asubuhi kila magome yanapokaribia kukauka. Mbolea ya dukani ukiitumia, izimue iwe robo ya nguvu iliyoandikwa. Mvua zikiisha, kama mwezi wa Mei, na mashina yakiwa yamekomaa, acha mbolea na upunguze maji sana. Uipe mwanga mwingi, bali si jua kali la mchana. Mapumziko hayo makavu ndiyo yaiamshayo itoe maua. Anayeimwagilia kila siku mwaka mzima hupata majani mengi na maua machache.

Okidi nyingi ziuzwazo mijini katika vyungu ni za aina nyingine, iitwayo Phalaenopsis, ambayo asili yake ni Asia. Hiyo haina mashina ya akiba, kwa hiyo isiachwe ikauke kabisa, wala maji yasituame katika kisahani chake. Maua yakiisha na kikonyo kingali kibichi, kikate juu kidogo ya kifundo cha pili au cha tatu kutoka chini. Mara nyingine tawi jipya la maua hutokea hapo. Kikiwa kimekauka, kikate karibu na shina. Usiku wenye ubaridi kidogo kwa majuma kadhaa huisaidia kutoa kikonyo kipya.

Labda mtu atauliza: Kwa nini tusichukue nyingine mwituni, maadamu zipo? Jibu limo katika mbegu zake. Mbegu ya okidi ni ndogo kama vumbi, haina chakula ndani yake. Mwituni haioti ila ikikutana na kuvu fulani wa kuilisha. Kwa hiyo katika mbegu maelfu ni chache mno zifikazo kuwa mmea. Katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, viazi vya okidi za ardhini vimechimbwa kwa wingi na kupelekwa Zambia, ambako hupikwa chakula kiitwacho chikanda. Mbuga ya Kitulo, yenye okidi nyingi, ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005. Tena mkataba wa mataifa uitwao CITES, uliotiwa sahihi mwaka 1973, unasimamia biashara ya okidi zote kati ya nchi na nchi.

Mti ukiangushwa kwa halali shambani, uliza ofisi ya kijiji na afisa wa misitu kama okidi iliyo juu yake yaweza kuokolewa. Na yule aliye na Ansellia kubwa aweza kuigawa mwanzo wa mvua, kila sehemu ikiwa na mashina matatu au manne na mizizi yake, akampa jirani au shule. Hivyo mmea mmoja utapamba nyumba nyingi, na ile ya mwituni itaachwa juu ya mti wake.