Kanga wa Bugwema na Kopo la GPS

Kitaa kinaamini kula bata lazima uwe na mkwanja: viwanja, spika nene, nyama choma, halafu kesho huna hata jero la vocha. Wana wa Mara, kuna kula bata kwingine, kwa miguu. Kunaitwa jiokachingi. Mtu anaficha kopo sehemu, anatupia namba za GPS mtandaoni, we unalisaka na simu. Ukilipata unasaini kidaftari, unalirudisha palepale, unasepa. Ukichukua kitu humo, unaacha kingine cha thamani ileile. Msosi hauwekwi kabisa, wanyama watalifuata kopo.

Mambo yalianzia Marekani. Mei 2, 2000, serikali yao iliacha kuiyumbisha makusudi GPS ya raia. Kesho yake jamaa anaitwa Dave Ulmer akaficha ndoo porini Oregon. Ndani kulikuwa na vitabu, hela kidogo na, cheki hii, manati.

Sasa vuta picha uko Bugwema, Musoma Vijijini. Jua linachoma kinoma, simu inasema bado mita kumi, mbele mawe, nyasi za magotini. Ghafla kelele, mlango wa bati wenye kutu ni cha mtoto. Kanga! Kundi zima linatoka nduki, vichwa mbele, vumbi nyuma. Mbawa wanazo, ila kuruka ni mpaka kinuke kweli, au jioni wakipanda mtini kulala.

Wasakaji wa Marekani wao wanakutana na bata mzinga wa porini, dume la kilo nane na ushee, na msimu wa mapenzi linaweza kukutimua. Hapa Bongo bata mzinga ni wa kufugwa tu. Kanga ana kilo moja na nusu hivi, ila kwa swaga anamkalisha: madoa meupe kwenye nyeusi, uso wa bluu, kipembe cha mfupa kichwani. Na anakula kupe, wenye ng'ombe wanaelewa hiyo ni dili.

Kanga wakitoka nduki, hapo ndipo wengi wanazingua, kopo wanalisahau, wanaanza kukimbizana na ndege. Tulia, mwanangu. Kanga anataga chini kwenye nyasi, mguu mmoja tu unaua kizazi. Wakishapita, endelea na mishe. Na tundu la mwamba lichokonoe na fimbo kabla hujazamisha mkono, kifutu naye ana geto lake humo.

Najua kuna mchizi atasema kanga mtamu. Mtamu kweli, kanunue wa kufugwa. Wa porini kumwinda bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009, na humo hakuna kujitetea kwamba ulikuwa unasaka kopo. Kwa hiyo manati acha home. Beba maji, kofia na kalamu, maana makopo mengi yana kidaftari tu.