Mkaja, Maji ya Moto na Siku Arubaini

Aendapo mposaji wa pwani kukabidhi mali ya arusi, pamoja na mahari yenyewe hudaiwa fungu dogo liitwalo mkaja, ambalo si la bibi arusi wala la babaye, bali ni haki ya mamaye peke yake. Na aghalabu kijana hulitoa kwa kuwa ameambiwa alitoe, asijue analipia nini. Mkaja kwa asili yake ni nguo ndefu afungwayo mzazi tumboni baada ya kujifungua, na maana ya fungu lile ni kwamba mume amrudishie mkwewe nguo aliyojifunga siku alipomzaa binti huyu anayeozwa leo. Fungu jingine, ubeleko, ni la nguo aliyombebea mgongoni. Wazee wetu, basi, waliuona uzazi kuwa ni kazi yenye ujira wake, hata kama ujira huo hulipwa baada ya miaka ishirini. Na tiba za nyumbani zilizouzunguka uzazi huo, nitakazozieleza hapa kwa mizani ya utabibu wa leo, hazifahamiki vema kwa mtu asiyeanza na heshima hiyo.

Tuitazame kwanza arubaini yenyewe, yaani siku arubaini anazokaa mzazi nyumbani baada ya kujifungua. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, yafuatwayo na Waislamu wengi wa pwani yetu, husema kwamba ghalibu ya damu ya nifasi ni siku 40 na upeo wake ni siku 60. Nao matabibu, waliolifikia jambo hili kwa njia nyingine kabisa, ya kupima na kupasua, husema kwamba mji wa mimba, ambao mara tu baada ya kuzaa huwa na uzito wa takriban kilo 1, hunywea siku hata siku mpaka ukabaki gramu 60 hivi katika wiki ya sita, yaani siku ya 42. Kwa hiyo bibi amkatazaye bintiye kutwanga na kubeba ndoo mpaka arubaini itimie hasemi upuuzi. Lakini kukaa arubaini si kulala arubaini: katika wiki hizo damu ya mzazi ni nyepesi ya kuganda kuliko damu ya mtu mwingine, na miguu isiyonyooshwa huweza kufanya donge la damu likapanda hata mapafuni likaua, basi mzazi atembee ukumbini na uani, aoge, aote jua la asubuhi. Na lile jiko la makaa liwekwalo uvunguni kwa ajili ya joto na mafusho, huku madirisha yamefungwa, litolewe nje, kwani makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na mtoto mchanga ndiye wa kwanza kudhurika.

Kukandwa kwa maji ya moto ndiyo tiba yetu mashuhuri kuliko zote. Mkandaji huchovya kitambaa, akakikamua, akakibandika kiunoni, mgongoni na mapajani, na misuli iliyokazana kwa saa nyingi za uchungu hulegea. Mwaka 1918 nyanya zetu walijua hayo. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa huduma wakati wa kujifungua, liliandika kwamba mja mzito mwenye afya, akiomba nafuu ya maumivu, aweza kukandwa kwa mikono au kuwekewa vitambaa vya moto. Kasoro iko katika kutia chumvi, yaani kuzidisha: maji yachemkayo, yaliyotiwa majani yasiyojulikana usafi wake, yakatupwa kwa nguvu juu ya kidonda kibichi au juu ya mshono wa mama aliyepasuliwa. Nimepata kuona ngozi iliyobabuka kwa mapenzi ya namna hiyo. Maji ambayo kigasha cha mkandaji mwenyewe hakiwezi kuyastahimili si maji ya mzazi, na mshono hauguswi.

Ama mkaja, wengi hudhani kwamba ndio urudishao mji wa mimba mahali pake. Sivyo. Mji wa mimba hujikaza wenyewe, kwa homoni iitwayo oksitosini, na homoni hiyo humwagika mtoto anaponyonya. Ndiyo sababu chango humkata mama zaidi akiwa ananyonyesha, na chango hilo, ingawa huuma, ni dalili ya kazi iendayo sawa. Faida ya mkaja ni nyingine: huitegemeza misuli ya tumbo iliyotanuka, hupunguza maumivu ya mgongo, na humpa aliyepasuliwa ujasiri wa kukohoa na kuinuka kitandani. Ukikazwa mno, nguvu husukumwa chini, kwenye misuli ya nyonga ambayo nayo imechoka, na mama akaja kulalamika kwamba mkojo humponyoka. Mkaja ufungwe kiasi cha kupenyeza kiganja bila taabu, na ufunguliwe wakati wa kulala.

Katika chakula sina ugomvi na bibi yeyote. Uji wa pilipili manga, supu ya kuku, mchuzi wa pweza, yote ni maji, nguvu na nyama kwa mtu aliyepoteza damu. Tende, ambazo Waislamu huzikumbuka katika kisa cha Maryamu chini ya mtende, zilichunguzwa huko Yordani, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011: wanawake 69 waliokula tende 6 kila siku kwa wiki 4 kabla ya kuzaa walifika hospitali njia ikiwa imefunguka zaidi kuliko wenzao 45 wasiozila. Uchunguzi huo ni mdogo, lakini tende hazina madhara ila kwa mwenye maradhi ya sukari. Tangawizi kwa kichefuchefu cha miezi ya kwanza imo katika mwongozo wa Shirika hilohilo wa mwaka 2016. Udongo, hasha: huzuia mwili usichukue madini ya chuma, tena huleta mayai ya minyoo. Na mtoto asipewe maji wala asali, bali dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, ambayo baadhi yetu wangali wakiimwaga kwa kuiona chafu, ilhali ndiyo kinga yake ya kwanza.

Pana mambo matatu ambayo siyaiti tiba. La kwanza ni dawa za kunywa za kuongeza uchungu, kwani mitishamba inayokaza mji wa mimba haina kipimo, na mji uliokazwa kupita kiasi huweza kupasuka. La pili ni kulikanda tumbo la mja mzito ili kumgeuza mtoto. Daktari naye humgeuza, lakini baada ya wiki ya 36, akimtazama kwa mashine, na chumba cha upasuaji ki tayari, maana kondo la nyuma likibanduka hapana muda wa kwenda kuita gari. La tatu ni kumpeleka kwa mganga mama aumwaye kichwa, aonaye ukungu machoni, au aliyepatwa na degedege, kwa kudhani kuwa ni shetani. Hicho ni kifafa cha mimba, chaweza kuja hata baada ya kuzaa, na dawa yake iko hospitalini.

Tiba iliyonishangaza zaidi si ya kunywa wala ya kupaka. Mwaka 2017 wataalamu walikusanya majaribio 26, yenye wanawake zaidi ya 15,000, wakakuta kwamba mwenye uchungu akiwa na mtu wa kumkalia pasipo kumwacha, akamshika mkono, akamsugua mgongo, akamsemesha, huzaa kwa njia ya kawaida mara nyingi zaidi, uchungu wake huwa mfupi zaidi, na kisu humpata kwa nadra zaidi. Somo, yaani kungwi wa mwanamke, na mkunga wa zamani ndivyo walivyofanya, usiku kucha. Tulipowapeleka wanawake wakazalie hospitali tulifanya jambo la haki, kwa kuwa huko ndiko kuliko na damu na kisu. Lakini tulimwacha somo mlangoni, naye ndiye aliyekuwa dawa iliyokwisha kuthibitika. Wapo wakuu wa wodi wanaosema nafasi ni finyu na mapazia hakuna. Mapazia hushonwa.

Basi bibi mwenye mjukuu njiani namsihi aende kliniki pamoja na mwanawe, aulize mapema kama ataruhusiwa kukaa naye siku hiyo. Na kama ana chupa ya dawa kibindoni, aitoe amwonyeshe mkunga kabla haijafunguliwa.