Ghala limejaa, mtoto amedumaa: Elimu ya familia ifundishwe pamoja (2)

Katika sehemu ya kwanza tuliona udumavu ni nini, yaani kimo cha mtoto kubaki nyuma ya umri wake, na jinsi unavyomfuata mtoto hadi darasani na ukubwani. Leo nageukia swali ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha mjadala wote: kwa nini mtoto adumae katika nyumba yenye chakula? Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mwaka 2010 walikuwa asilimia 42, na mwaka 2015/16 asilimia 34. Tumepiga hatua, hilo halina ubishi. Lakini mikoa iliyoshika mkia ni Iringa, ambako watoto karibu 57 katika kila 100 wamedumaa, kisha Njombe na Rukwa, ambako ni karibu nusu ya watoto wote. Hii ni mikoa inayolisha nchi. Mahindi yake yanauzwa Dar es Salaam na kuvuka mipaka, viazi vyake vinajaza masoko ya miji. Kama njaa ingekuwa ukosefu wa nafaka tu, watoto hawa wangekuwa warefu kuliko wenzao wote. Hoja yangu ni kwamba udumavu wa mikoa hii unazaliwa pale ambapo mambo matatu yanakutana ndani ya nyumba moja, yaani mtoto analishwa nini, nani anashinda naye, na fedha ya mavuno inakwenda wapi. Elimu inayoyafundisha mambo haya matatu kila moja peke yake, kwa siku yake na kwa ofisa wake, inafundisha nusu nusu.

Tuanze na sufuria, maana hapo ndipo watu wengi wanapodhani wanajua. Mtoto anapofikisha miezi sita, maziwa ya mama peke yake hayamtoshi tena, naye huanzishiwa uji. Tumbo lake ni dogo mno. Uji wa sembe ukiwa mwepesi, anashiba maji. Ukipikwa mzito ili uwe na nguvu, unamshinda kumeza. Wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoundwa mwaka 1973, walilikabili tatizo hili kwa kutumia kitu ambacho bibi zetu walikijua tangu zamani kwa ajili ya pombe: kimea. Kiasi kidogo cha unga wa ulezi au mtama uliooteshwa na kukaushwa kikichanganywa katika uji mzito, uji hulainika bila kuongezwa maji, na mtoto hunywa chakula chenye nguvu kwa kiasi anachokiweza. Hata hivyo kimea hakileti protini ya kutosha wala vitamini; bado zinahitajika karanga, maharage, dagaa, yai, mboga za majani na matunda. Na hata bakuli lote likiwa sawa, mtoto wa umri huo anatakiwa kula mara kadhaa kwa siku. Mama aliyetoka alfajiri kwenda shamba la mbali, akamwacha mtoto na dada yake wa miaka minane, atamlisha saa ngapi? Hapo somo la lishe limekwisha kugeuka kuwa somo la malezi na la mgawanyo wa kazi. Na yai linapokosekana kwa sababu gunia liliuzwa na fedha ikatumika bila mama kuulizwa, limekuwa somo la fedha.

Nchi yetu si ngeni katika elimu ya watu wazima. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, kusoma vijitabu na kujadiliana, kisha kukubaliana kazi ya kufanya: kuchimba vyoo, kusafisha visima, kufukia madimbwi yanayozaa mbu. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Nguvu ya kampeni zile haikuwa redio peke yake. Ilikuwa kikundi, kwa sababu mtu aliyesikia akiwa na majirani zake na kuahidi mbele yao hurudi nyumbani akiwa na deni la heshima.

Muongo mmoja baadaye mkoa huohuo wa Iringa ukawa mfano uliozungumzwa dunia nzima. Mwaka 1983 Serikali, pamoja na Shirika la Afya Duniani na UNICEF, na kwa fedha za Italia, ilianzisha mpango wa lishe katika vijiji 168. Kila baada ya miezi mitatu watoto walipimwa uzito hadharani, matokeo yakapelekwa kwa halmashauri ya kijiji, na wanakijiji wakaulizana wenyewe: huyu kapungua kwa nini, na tufanye nini? Baadhi ya vijiji vilianzisha vituo vya kulishia watoto wakati wa kilimo, kwa sababu wanakijiji waligundua kwamba kilichokosekana ni mtu wa kulisha wakati mama yuko shambani. Kati ya mwaka 1984 na 1988 watoto wenye uzito pungufu walishuka kutoka asilimia 56 hadi 38, na wale wenye hali mbaya zaidi kutoka asilimia 6 hadi chini ya 2. Kwa miaka minne, hayo ni mafanikio makubwa sana.

Msomaji makini atanikatiza hapa: kama Iringa ilifaulu hivyo, mbona leo inaongoza kwa udumavu? Pingamizi hili ni zito na halipaswi kurukwa. Kwanza, uzito pungufu na udumavu ni vipimo viwili. Uzito hupanda na kushuka kwa miezi, ilhali urefu hubeba historia yote ya mtoto tangu mimba, na mtoto anaweza kuwa na uzito unaolingana na kimo chake huku kimo chenyewe kikiwa kimebaki nyuma. Pili, na hili ndilo kubwa, akina mama wengi wanaonyonyesha leo hawakuwa wamezaliwa mizani zile zilipokuwa zikitundikwa mtini. Elimu ya familia haifanani na chanjo inayochomwa mara moja. Kila mwaka kuna wazazi wapya, na kila mzazi mpya anaanza upya. Mradi una tarehe ya kufungwa, familia haina. Kwa hiyo Iringa hainivunjii hoja. Inanionyesha sharti lake, kwamba darasa hili likae mahali ambapo halitaondoka pamoja na mfadhili.

Mahali hapo tayari papo, na wala hapakujengwa na wizara ya afya. Mfumo wa vikundi vya kuweka na kukopa, ulioanzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, umeenea Tanzania nzima kwa jina la vikoba. Wanachama wapatao 15 hadi 30 hukutana kila wiki au kila wiki mbili, hununua hisa, huchangia mfuko wa jamii kwa ajili ya ugonjwa na msiba, hukopeshana, na mwisho wa mzunguko hugawana. Sanduku la fedha lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imevitambua vikundi hivi na kuvitaka visajiliwe. Je, vinasaidia? Utafiti mkubwa uliofanywa Ghana, Malawi na Uganda, uliochapishwa mwaka 2017, ulikuta kwamba vikundi vya namna hii vinaongeza akiba, vinawapa wanawake sauti zaidi nyumbani na kuziimarisha familia wakati wa ukame, lakini kwa wastani havikuonekana kuongeza matumizi ya kaya, chakula kikiwemo. Nauona ukweli huo kuwa wa thamani kubwa. Akiba bila elimu ya lishe inaweza kununua bati na sahani huku bakuli la mtoto likibaki vilevile. Upande wa pili, elimu ya lishe bila akiba humwacha mama akijua umuhimu wa yai asiloweza kulinunua, na siku ya shida humsukuma kwenye mikopo ya riba kubwa iitwayo kausha damu, ambayo marejesho yake hula kwanza fedha ya mboga.

Kuhusu malezi, ushahidi ulionishawishi unatoka Eastern Cape, Afrika Kusini. Huko familia 552 katika maeneo 40 zilifuatiliwa katika jaribio la programu iitwayo Sinovuyo Teen, ya vikao 14 vya wazazi na vijana wao. Walifundishwa kusikilizana, kudhibiti hasira, kuweka kanuni bila kiboko. Na ndani ya vikao hivyohivyo familia ilikaa pamoja kupanga bajeti na akiba. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kupungua kwa ukatili na adhabu za viboko, na pia nafuu katika uchumi wa kaya. Ni kweli kwamba wale walikuwa vijana, si watoto wachanga. Lakini uhusiano wenyewe unaeleweka: mzazi anayeandamwa na deni hana subira, na nyumba isiyo na subira haimlishi mtoto anayekataa kijiko.

Wako watakaosema kwamba maskini anahitaji fedha, si mihadhara. Wana haki kwa sehemu, na ndiyo maana kaya zisizoweza kununua hata hisa moja zisiachwe nje. Pale walengwa wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) wanapokusanyika siku za malipo, hapo pia ni darasa. Wengine watasema tunamwongezea mama mzigo. Mzigo huo utakuwepo tukimwita yeye peke yake kwenye mkutano mwingine. Tukilipeleka somo katika mkutano anaohudhuria tayari, na tukamwita baba naye kusikia habari za fedha ya mavuno, tunampunguzia. Lipo pia tatizo la semina za posho, ambazo zimezoesha watu kulipwa ili wasikilize. Kikoba kina faida hapa, kwa kuwa watu huja kwa ajili ya fedha yao wenyewe.

Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, imekwisha kuunganisha lishe, malezi na ulinzi katika karatasi moja, na halmashauri zimeagizwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Kinachobaki ni kijiji. Siku ya Afya na Lishe inatakiwa kufanyika kila robo mwaka, na mkutano mkuu wa kijiji vilevile. Msomaji, mkutano wa kwenu utakapoitishwa, nyoosha mkono uulize: watoto wangapi walipimwa robo hii, shilingi elfu zao zilitumika wapi, na mhudumu wa afya amevitembelea vikoba vingapi? Omba majibu yaandikwe kwenye muhtasari.