Masika yaja: Je, nyumba na gari lako viko tayari?

Ikiwa una ndugu au mwana aliye ng'ambo, bila shaka umewahi kusikia jinsi watu wa huko wanavyojiandaa kwa majira ya baridi. Kabla theluji haijaanguka, mwenye nyumba huziba nyufa za madirisha, hukagua mabomba ya maji na kuweka akiba ya chakula. Mwenye gari naye hubadilisha tairi. Nchini Ujerumani, tangu mwaka wa 2010, sheria humtaka dereva awe na tairi maalum barabara inapokuwa na theluji au barafu. Hakuna anayengoja theluji imfike magotini ndipo aanze kutafuta sepetu.

Sisi hatuna theluji, msomaji mpendwa, lakini tuna masika. Mvua hii, ambayo Waluo huiita chwiri, huja kila mwaka kati ya Machi na Mei, nayo vuli hufuata kuanzia Oktoba hadi Desemba. Tarehe zake twazijua. Hata hivyo, kila mwaka hutukuta kama mgeni asiyepiga hodi: paa linavuja, mtaro umeziba, na gari limekwama kwenye tope nusu kilomita tu kutoka langoni kwa babu.

Makala haya ni kwa jamaa zinazoishi Nairobi, Mombasa, Nakuru na miji mingineyo ambazo zina maboma katika kaunti za Migori na Homa Bay, na ambazo hurudi huko likizo ya Aprili ikifika. Ni kwa wale waliobaki nyumbani vilevile, maana wao ndio hupatwa na mvua kwanza.

Maji yako hutoka wapi?

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Naam, lakini yako mafuriko yanayokuja bila wingu lolote juu ya kichwa chako. Kwa hivyo swali la kwanza la kujiuliza si mvua itanyesha lini, bali maji yatakayokufikia yatatoka wapi.

Chukua mfano wa mto Kuja, ambao Abagusii huuita Gucha. Mto huu huanzia katika nyanda za juu za Kisii na Nyamira, ukateremka na kuungana na mto Migori, kisha ukapita katika tambarare za Nyatike kabla ya kuingia Ziwa Viktoria. Mvua kubwa ikinyesha kule juu, mkazi wa Kabuto huko Nyatike aweza kuamka na kuyakuta maji mlangoni ilhali kwake hapajaanguka hata tone. Mtu kama huyo anapaswa kusikiliza utabiri wa Kisii na Nyamira kwa makini zaidi kuliko hata ule wa kwao. Akiwa na jamaa au rafiki huko milimani, simu moja jioni yaweza kuokoa mbuzi, mahindi na hata watoto.

Wakazi wa mji wa Homa Bay, Kendu Bay, Mbita na Muhuru wana hesabu nyingine. Ziwa hupata sehemu kubwa ya maji yake kutokana na mvua inayonyesha moja kwa moja juu yake, na lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, yaani mto Naili kule Jinja, Uganda. Ndiyo sababu likijaa halipungui kwa siku moja. Mnamo Mei 2020 maji yake yalifikia kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1964, na mwaka wa 2024 yakapanda tena. Mafuriko ya mto huja na kuondoka. Ziwa likipanda laweza kukaa sebuleni mwako miezi mingi. Kwa mto, uwe na mahali pa kukimbilia. Kwa ziwa, dawa ni moja: kutojenga karibu na ufuo, au kuhamia mwinuko mapema.

Aidha, maji yaweza kuzuiliwa mahali usipopaona. Alfajiri ya Aprili 29, 2024, maji yaliyokuwa yamejaa nyuma ya tuta la reli karibu na Mai Mahiu, karavati lilipoziba, yalipasua njia na kusomba nyumba za watu waliokuwa usingizini. Makumi ya watu walikufa. Basi usilidharau karavati dogo lililo karibu na boma lako likiwa limejaa matawi, mchanga na mifuko ya nailoni. Waiteni majirani mlizibue pamoja kabla mvua haijaanza.

Paa, mtaro na choo

Ukishajua maji yatatoka wapi, zunguka nyumba yako. Anza na paa. Tazama misumari iliyolegea na mabati yaliyoinuka ukingoni. Bati lililoinuka ni kama tanga la mashua: upepo ukiingia chini yake, hauondoki na bati hilo pekee. Kata matawi ya miti yaliyoinamia paa. Ikiwa nyumba ni ya udongo, hakikisha upenu ni mpana kiasi cha kuzuia mvua isipige ukuta.

Kisha chimba mtaro upande wa juu wa nyumba, kule maji yanakotoka, uyaelekeze mbali na msingi. Wengi huchimba mtaro mbele ya mlango, mahali ambapo maji yamekwisha kuifikia nyumba!

Choo cha shimo nacho kisisahauliwe. Kinafaa kiwe upande wa chini wa kisima na umbali usiopungua mita 30. Kijengee tuta la udongo pande zote ili maji ya mvua yasiingie shimoni. Choo kikifurika, uchafu wake huishia kisimani, na huo ndio mwanzo wa kipindupindu. Msimu huu chemsha maji ya kunywa au uyatie dawa kama ilivyoelezwa kwenye chupa, hata kama yanaonekana maangavu.

Lakini mvua si adui pekee. Ni baraka vilevile. Milimita moja ya mvua ikinyesha kwenye paa lenye eneo la mita moja mraba hutoa lita moja ya maji. Kwa hivyo nyumba yenye paa la mita 50 mraba, ikinyeshewa milimita 10 tu, hutoa lita 500. Hata ukipoteza lita 100, umebaki na mitungi 20 ya lita ishirini-ishirini, bila mtoto yeyote kwenda mtoni. Funga mifereji ya bati ukingoni mwa paa na uweke tangi safi. Yaache maji ya mvua ya kwanza yapite, kwani huosha vumbi na kinyesi cha ndege.

Na mahindi yaliyo ghalani, yamekauka? Kuna kipimo rahisi. Tia mahindi kidogo na vijiko vichache vya chumvi kavu ndani ya chupa kavu ya kioo, uifunge na kuitikisa kwa dakika chache, kisha uiache robo saa. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu na yataota ukungu, na ukungu huo waweza kuwa na sumu. Yaanike tena jua lingalipo.

Watoto wa mjini na mbu wa ziwani

Jambo hili huwaponyoka wazazi wengi. Mtoto aliyelelewa Nairobi, ambako malaria si nyingi, hana kinga waliyo nayo binamu zake wa Ndhiwa au Rongo. Akienda huko likizoni, aweza kuugua vibaya kuliko wao. Kagua neti zote, uzishone zilizotoboka, na ubebe za wageni. Mwaga maji yaliyotuama kwenye makopo na tairi kuukuu. Mkisharudi mjini, mtoto akishikwa na homa hata baada ya wiki mbili au tatu, mpeleke hospitali na umwambie daktari mara moja kwamba alikuwa sehemu za ziwani. Neno hilo moja laweza kuokoa maisha.

Kwa walio na watoto wachanga huko nyumbani, ipo chanjo ya malaria, ambayo Kenya iliizindua Ndhiwa mnamo Septemba 2019. Uliza katika kituo cha afya kilicho karibu. Hata hivyo, chanjo haiondoi haja ya neti.

Radi haina rafiki

Eneo la Ziwa Viktoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani. Wapo wanaoamini kwamba radi hutumwa na mtu mbaya. Imani iwe iwavyo, tahadhari ni zilezile. Usijikinge chini ya mti. Toka shambani, mtoni na ziwani mara tu unaposikia ngurumo. Ingia ndani ya nyumba imara au gari lenye paa la chuma, na ukae humo hadi nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Chomoa televisheni na vyombo vingine kabla tufani haijafika.

Ukitaka kujua radi iko umbali gani, hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo, kisha ugawe kwa tatu. Sekunde tisa ni kilomita tatu, na umbali huo bado ni hatari. Tena, aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Mguse, msaidie kupumua, na umkimbize hospitali. Wengi wamepotea kwa sababu waliokuwa karibu waliogopa kuwagusa.

Gari lako, roho yako

Wapenzi wa mbio za magari wanakumbuka kwamba Safari Rally, iliyoanza mwaka wa 1953, kwa miaka mingi ilifanywa wakati wa Pasaka, tope likiwa limetamalaki. Joginder Singh aliishinda mwaka wa 1965, 1974 na 1976. Ushindi wa namna hiyo hauanzi barabarani, huanzia gereji. Nawe, kabla ya kuondoka, pitia mambo haya:

Tairi: kipara hakifai. Nchini Uingereza, tairi ambayo mifereo yake haifikii kina cha milimita 1.6 huharamishwa, na kwenye tope letu yafaa uwe na zaidi. Pima pia tairi ya akiba.

Waipa, taa na breki: waipa inayochora mistari kwenye kioo ibadilishwe. Gharama yake ni ndogo kuliko ya ajali.

Betri: injini ikisita kuwaka asubuhi, usiipeleke safari ndefu kabla fundi hajaiona.

Buti: beba kamba imara, jembe, tochi, viatu vya mpira, blanketi na maji ya kunywa.

Pili, panga saa. Mvua za nchi kavu sehemu hizi hunyesha sana alasiri na jioni, ilhali ziwani tufani hupenda usiku. Basi ondoka alfajiri ili uwe umefika kabla ya saa nane mchana. Na wewe uendaye Mfangano kwa boti, vaa koti la kuokolea tangu mwanzo wa safari. Usilikalie kama mto wa kiti.

Tatu, ujue udongo. Ukiacha lami na kuingia Bonde la Lambwe au sehemu za Nyatike, utakutana na udongo mweusi wa mfinyanzi. Ukiwa mkavu ni mgumu kama saruji. Ukilowa huteleza kama sabuni. Tumia gia ndogo, mwendo wa pole usiokatika, na usikanyage breki ghafla. Ukikwama, usizungushe magurudumu kwa nguvu kwani yatazama zaidi. Weka matawi, nyasi au mawe mbele ya magurudumu na uwaombe vijana wasukume. Na lililo bora zaidi ni kuliacha gari kwenye barabara ya lami, kwa mtu unayemwamini, na kumalizia safari kwa miguu.

Nne, na hili ndilo kubwa: usivuke maji yanayokwenda kasi. Maji ya kina cha sentimita 15 huweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 huweza kuliinua gari dogo, na sentimita 60 huyasomba magari mengi. Mnamo Desemba 4, 2021, basi lililokuwa likiipeleka kwaya harusini lilizama katika mto Enziu, karibu na Mwingi, na zaidi ya watu 30 wakafa. Dereva akisema ataweza, shuka. Aibu ya kushuka hupita. Na injini ikizimika majini, usijaribu kuiwasha tena, kwani maji yaliyoingia ndani yataivunja.

Stakabadhi na majirani

Enyi wanafunzi, nanyi mna kazi. Mwaka wa 2024 mvua iliahirisha muhula wa pili hadi Mei 13. Wekeni vitabu, vyeti vya kuzaliwa na vya mitihani, pamoja na hati za shamba za wazazi, ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri, juu kuliko maji yalivyowahi kufika. Andikeni mlangoni nambari za dharura: 999 au 112 za polisi, na 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu.

Mwisho, ulizeni ni nani katika kijiji hawezi kupanda paa wala kuchimba mtaro: bibi mjane, mzee aliye peke yake, mama aliyejifungua juzi. Karibu na Kendu Bay liko ziwa dogo la Simbi Nyaima. Masimulizi ya wazee husema palikuwa na kijiji hapo, na usiku mmoja akafika bibi kizee akiomba pa kulala. Wengi walimfukuza, na maji yakakimeza kijiji kizima. Iwe ni kweli au ni hadithi, funzo lake halijapitwa na wakati. Kubalianeni sasa ni boma lipi lililo mwinuko litakalowapokea wengine, na ni kijana yupi atakayembeba nyanya.

Jumapili hii, baada ya chakula cha mchana, izungukeni nyumba yenu pamoja na watoto. Kama nyumba iko mbali, wapigieni wazee simu na kuwauliza swali moja tu: mtaro umechimbwa?