Sura ya 6: Vikapu Vingi, Punda Mmoja

Kila anayeuza uwekezaji mjini Nairobi ameukariri ule usemi wa mayai na kapu. Tawanya, wanasema, na mfuko wa kipato wenye uhuru wa kuchagua mali hunadiwa kana kwamba ndio utawanyaji wenyewe: humo mna hati za Hazina, hatifungani za serikali na za kampuni, amana za benki, hisa zinazolipa gawio, na dola kidogo. Orodha inapendeza, ila inahesabu vikapu bila kuuliza vimebebwa na nani. Ukipakia vikapu vitano juu ya punda mmoja, siku atakayojikwaa haitakusaidia kujua mayai yako yalikuwa kapu lipi. Meneja anayeijua kazi yake hatawanyi majina ya mali. Hutawanya sababu za hasara. Uhuru anaopewa na hati ya mfuko una thamani kwa ajili hiyo tu, na mfuko usioutumia hivyo ni bidhaa ya kawaida iliyopambwa kwa jina refu.

Sababu za hasara zenyewe ni nne: riba kupanda, mdaiwa kushindwa kulipa, sarafu kubadilika thamani, na kukosa mnunuzi siku unayotaka kuuza. Tuanze na riba, kwa kuwa ndipo penye imani potofu iliyoota mizizi kuliko zote, kwamba hatifungani ya serikali haiwezi kukupotezea pesa. Ukiishika hadi ikomae na serikali ikalipa, utapata ulichoahidiwa. Lakini mfuko hauna anasa hiyo, maana wenye vipande huingia na kutoka kila siku, na thamani ya kipande lazima ifuate bei ya soko la leo. Chukua hatifungani ya miaka 10 inayolipa asilimia 13 kwa mwaka, iliyonunuliwa kwa shilingi 100. Soko likianza kudai asilimia 16, karatasi hiyo hiyo itauzika kwa shilingi 85 na senti 50 hivi, kwa sababu hakuna atakayeilipia bei kamili wakati mpya zinatoa zaidi. Soko likishuka hadi asilimia 10, itapanda kufika shilingi 118. Sasa chukua ya mwaka mmoja yenye riba ileile ya 13: soko likidai 16, inashuka hadi shilingi 97 na senti 40 hivi tu. Mkopaji ni yule yule na sahihi ni ile ile, ila hasara ya moja ni zaidi ya mara tano ya nyingine. Ndiyo maana swali la kwanza kuhusu mfuko wowote wa kipato ni urefu wa muda wa karatasi zake. Asilimia iliyotangazwa mwezi uliopita, ile ambayo watu hupigia picha na kurushiana kwenye simu kama matokeo ya mechi, ni habari ya juzi, wala si ahadi.

Mpango ulikuwa kuzipitia sababu nyingine kwa zamu, lakini Februari 2024 nchini Kenya ilizikusanya karibu zote mahali pamoja, na hakuna mfano wa vitabuni unaoikaribia. Mwaka 2014 Kenya ilikopa dola bilioni 2 kwa Eurobond ya miaka 10, iliyopaswa kulipwa Juni 2024. Mwaka 2023 ulipokuwa ukiisha, soko zima lilikuwa likiuliza kama dola hizo zipo. Hofu ilipenya kila pembe. Shilingi ilidhoofika hadi dola moja ikauzwa kwa zaidi ya shilingi 160 mnamo Januari. Benki Kuu ilipandisha riba yake hadi asilimia 13 mapema Februari, na hati za Hazina za siku 91 zikapita asilimia 16. Hatifungani ndefu za zamani zikashuka bei. Hata hisa za benki hazikuwa kimbilio, kwani benki zenyewe zimejaa karatasi za serikali hiyo hiyo. Mtu aliyekuwa na hatifungani, hisa za benki na Eurobond alijiona ametawanya mali, kumbe alikuwa na dau moja: kwamba Kenya italipa Juni.

Kisha serikali ikakopa upya dola bilioni 1.5 kwa gharama ya asilimia 10.375, ikaanza kuinunua Eurobond ya zamani kabla ya muda wake. Wiki hiyo hiyo ikauza hatifungani ya miundombinu ya miaka minane na nusu, isiyotozwa kodi, yenye riba ya asilimia 18.46. Hazina ilitafuta shilingi bilioni 70. Maombi yalifika bilioni 288 na ushei, na ikachukua takriban bilioni 241. Wageni walileta dola kuinunua, na majira ya masika yalipofika dola ilikuwa imerudi karibu shilingi 130. Aliyekimbilia dola Januari, akisukumwa na manabii wa mitandaoni waliotabiri shilingi 200, alipoteza karibu moja ya tano ya thamani kwa hesabu ya shilingi. Riba nazo ziligeuka: kufikia katikati ya 2025 hati za siku 91 zilikuwa karibu asilimia 8. Mfuko uliojificha kwenye hati fupi pekee ulijiona salama mwaka mzima, huku kipato chake kikinyauka kila mnada.

Hapo msomaji atauliza kwa haki: basi si ningenunua karatasi ile ya asilimia 18.46 kwa pesa zote nikanyamaza? Baada ya mechi kila mtu ni kocha. Aliyefunga pesa zake zote katika hatifungani ndefu ya asilimia 13 mwaka 2021 naye aliamini amepata, na miaka miwili baadaye angeuza kwa hasara. Mfuko huru ulipaswa kuingia Februari ukiwa na hati fupi zinazokomaa, ili uwe na pesa za kununua riba ikiwa juu, kisha urefushe muda kwa hatua huku ukibakiza akiba ya kuwalipa wanaotoka. Hilo halihitaji utabiri. Linahitaji kukubali mapema kwamba utabiri unaweza kukosea.

Kuhusu mdaiwa kushindwa, mfano mmoja unatosha. Imperial Bank ya Kenya iliuza hatifungani ya shilingi bilioni 2 mwaka 2015. Tarehe 13 Oktoba, siku ambayo ilipaswa kuanza kuuzwa katika Soko la Hisa la Nairobi, Benki Kuu iliiweka benki hiyo chini ya mrasimu. Riba ya ziada inayotolewa na kampuni ni malipo ya hatari ya namna hiyo, na mfuko unaojaza karatasi za kampuni ili kupandisha asilimia ya tangazo unauza usingizi wa wateja wake.

Pingamizi la ada lina nguvu zaidi. Mapato yakiwa asilimia 10, ada ya asilimia 2 inakula moja ya tano. Mwenye subira, asiyehitaji pesa kabla ya karatasi kukomaa, anaweza kununua hatifungani moja kwa moja kwa Benki Kuu kuanzia shilingi 50,000 kupitia mfumo wake wa mtandaoni uitwao DhowCSD, na mara nyingi atakuwa amefanya vema kuliko mfuko. Ada inastahili pale tu unapohitaji kutoka wakati wowote, au pale meneja anapofanya kazi ambayo huwezi kuifanya mwenyewe.

Kwa hiyo kabla ya kununua vipande, omba taarifa ya mwezi na utafute mambo manne: wastani wa muda wa karatasi, sehemu ya mfuko iliyokopeshwa kwa mdaiwa mkubwa kuliko wote, kiasi kilichopo katika fedha za kigeni, na kama mgao unaolipwa unatoka kwenye riba na gawio au kwenye mtaji wako mwenyewe. Ukijibiwa kwa asilimia ya mwaka jana, peleka pesa zako kwingine.