Chakula cha Haraka Kimo Katika Shamba Lako

Mtu afikaye Malaba alfajiri ataona malori yamepangana barabarani yakingoja kuvuka kwenda Uganda, na pembeni mwa malori hayo ataona moshi. Ni moshi wa majiko ya wauza chai, mandazi na chapati. Akishuka mpaka Busia ataona vile vile. Huku watu huamka mapema, maana riziki ya mpakani haimngoji mtu aliyelala. Hata neno boda boda, ambalo sasa limeenea Afrika ya Mashariki nzima, wengi husimulia kwamba lilizaliwa hapa, wakati vijana wa baiskeli walipobeba abiria kutoka kituo cha forodha cha upande mmoja mpaka cha upande wa pili.

Basi katika nyumba nyingi za Busia na Malaba mama huondoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kupokea ndizi, mayai au maharagwe yatokayo Uganda. Baba yuko kwenye boda boda, au kwenye lori, au shambani. Jioni wote wamechoka. Watoto wana njaa. Hapo ndipo swali huja: leo tupike nini upesi?

Mara nyingi jibu hutoka barabarani. Chipsi katika karatasi, mandazi kwa chai, tambi za pakiti, au rolex, yaani chapati iliyokunjwa pamoja na mayai, chakula kilichotujia kutoka kwa ndugu zetu wa Uganda. Jambo hili si uvivu, na wanaowacheka akina mama kwa sababu hiyo wanakosea. Mama auzaye sokoni mchana kutwa hana saa tatu za kukaa jikoni akingoja maharagwe yaive, tena makaa ni ghali. Lakini yafaa tutazame kwa utulivu hasara iko wapi, na kama kuna njia nyingine.

HASARA IKO WAPI?

Chakula cha barabarani si sumu. Rolex yenye mayai mawili, nyanya na kitunguu ni chakula kizuri kuliko mandazi matupu. Hasara huja kwa njia tatu.

Kwanza, vingi vya vyakula hivi ni unga mweupe au viazi vilivyokaangwa katika mafuta mengi. Hushibisha upesi, lakini mtoto hapati vya kutosha vya kujenga mwili wala vya kulinda mwili. Mtoto akila hivyo siku moja hakuna neno. Akila hivyo kila siku, ataonekana ameshiba huku damu yake ikipungua nguvu.

Pili, mafuta yanayotumika siku baada ya siku mpaka yakawa meusi huharibika, na hayafai tena kwa chakula.

Tatu, ni chumvi. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asipitishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, tena kwa vyakula vyote vya siku hiyo. Tambi za pakiti na viungo vya mchuzi vya dukani vina chumvi nyingi ndani yake. Anayetia viungo hivyo, kisha akaongeza chumvi kwa mkono, hupita kipimo bila kujua. Shinikizo la damu huanza kimya kimya.

Kuna na hasara ya nne, ya mfuko. Chukua karatasi, andika kwa wiki moja kila shilingi iliyonunua chipsi, mandazi na soda za nyumba yako. Jumlisha siku ya Jumapili. Kisha uliza sokoni bei ya gorogoro moja ya maharagwe na ya omena. Hesabu hiyo itakufundisha kuliko maneno yetu.

TUPIME SAA

Wengi hudhani chakula cha nyumbani lazima kichukue saa nyingi. Si kweli kwa vyakula vyote. Viazi vya chipsi vyataka kumenywa, kukatwa, na mafuta kuchemshwa. Lakini mrenda ukishachambuliwa huiva kwa muda wa dakika kumi hivi. Majani machanga ya kunde na mchicha vile vile hayakawii. Omena zilizooshwa vizuri kwa maji ya moto, zikakaangwa kidogo kwa kitunguu na nyanya, huwa tayari kabla ugali haujapoa. Mayai ni upesi zaidi.

Maana yake ni hii: chakula cha haraka tunacho tayari, nacho kiko shambani kwetu na katika ziwa letu. Omena huja kutoka upande wa Port Victoria na Sio Port, katika kaunti yetu hii hii. Nunua zilizoanikwa juu ya nyavu au vichanja, wala si juu ya mchanga, na uzichambue kabla ya kuosha.

Kinachochukua muda katika mboga ni kuchambua. Kazi hiyo yaweza kufanywa na watoto wakubwa, wavulana na wasichana, kabla mama hajarudi. Mboga zioshwe kwanza, ndipo zikatwe. Ukikata kwanza kisha ukaosha, vitamini huenda na maji. Usitie magadi mengi, kwa sababu hulainisha mboga lakini huharibu baadhi ya vitamini. Na usiogope kutia mafuta kidogo au njugu zilizosagwa, kama wafanyavyo Wateso, kwani mwili hupokea vitamini A ya majani vizuri zaidi kukiwa na mafuta.

MAHARAGWE NA KIKAPU CHA MOTO

Maharagwe ndiyo huwashinda akina mama wenye kazi. Hapa pana njia mbili, na zikitumika pamoja ni nzuri sana.

Njia ya kwanza ni kuroweka. Chambua maharagwe jioni, yaoshe, yaroweke usiku kucha katika maji mengi. Asubuhi mwaga maji hayo, utie mengine. Maharagwe yaliyorowekwa huiva kwa muda mfupi kuliko makavu, na makaa hupungua.

Njia ya pili ni kikapu cha kuhifadhi joto, ambacho maafisa wa kilimo wamekifundisha kwa miaka mingi. Kikapu hiki kila mtu aweza kukitengeneza. Twaa kikapu kikubwa kilichosukwa imara. Ndani yake panga matambara, blanketi kuukuu au majani makavu ya migomba, yawe mazito chini na pande zote, kisha yafunike kwa kitambaa safi. Acha nafasi katikati inayoenea sufuria barabara. Shona mto mnene wa kufunika juu.

Alfajiri, moto wa chai ukiwa umewaka, chemsha maharagwe yaliyorowekwa kwa nusu saa, maji yakitokota sawasawa. Usipunguze muda huu, hasa kwa maharagwe mekundu, kwa sababu maharagwe mabichi yana sumu ambayo huisha kwa kuchemka vizuri, wala joto dogo la kikapu peke yake haliiondoi. Kisha, bila kufunua kifuniko, tia sufuria ndani ya kikapu, ufunike kwa mto. Maharagwe yataendelea kuiva bila moto na bila mtu wa kuyalinda. Watoto wakirudi saa saba mchana, wayatokose tena kidogo kabla ya kula. Wasifungue kikapu mara kwa mara kuchungulia, wala chakula kisiachwe humo mpaka kipoe, maana chakula cha vuguvugu ni makao ya vijidudu.

MBOGA ZA WAZEE WETU

Miaka mingi mboga za kienyeji zilidharauliwa zikaitwa chakula cha maskini. Leo wataalamu wanarudi kuzisifu. Kuanzia mwaka 2012 mradi wa kimataifa wa kuhifadhi aina nyingi za vyakula ulifanywa katika nchi nne, yaani Brazil, Sri Lanka, Uturuki na Kenya, na huku Kenya ulifanyiwa Busia. Vikundi vya wakulima vilifundishwa kulima mboga hizi vizuri na kuziuza kwa shule. Kwa hiyo mboga iliyochekwa ikawa chakula cha wanafunzi na pesa mfukoni mwa mkulima.

Sukuma wiki ni mboga nzuri, lakini isiwe peke yake mwaka mzima. Panda mistari miwili ya saga, miwili ya kunde, mmoja wa mitoo na mmoja wa mrenda karibu na nyumba, mahali pa kumwagia maji yaliyosuuzia vyombo. Mboga iliyo hatua kumi kutoka jikoni hupikwa. Iliyo mbali husahauliwa.

Pamoja na hizo, panda viazi vitamu vyenye rangi ya chungwa ndani. Rangi hiyo ni dalili ya vitamini A, ambayo hulinda macho na kumpa mtoto nguvu za kushindana na magonjwa. Katika mradi mmoja ulioanza mwaka 2009 huku Busia na Bungoma, mama mjamzito aliyekwenda kliniki alipewa hati, na kwa hati hiyo akapata marando ya viazi hivi kwa mkulima wa karibu. Mwaka 2016 Robert Mwanga wa Uganda, pamoja na wenzake watatu, walipewa Tuzo ya Chakula Duniani kwa kazi ya kutia vitamini na madini katika mazao kama haya. Viazi vilivyochemshwa jioni, watoto huvila asubuhi kwa maziwa au chai, navyo vyashinda mandazi kwa mbali.

UNGA NA UJI

Unga wa muhogo huleta nguvu lakini una protini kidogo sana. Basi uji wa muhogo mtupu haumtoshi mtoto. Changanya na wimbi na mtama, na wakati wa kupika utie njugu zilizosagwa au maziwa. Wimbi una chokaa nyingi ya kujenga mifupa. Muhogo mchungu usipikwe upesi upesi. Lazima umenywe, uvundikwe na kukaushwa kabisa, kwa sababu ya sumu iliyomo.

Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya yataka unga wa pakiti wa mahindi na wa ngano utiwe vitamini na madini. Kwa hiyo unga wa dukani nao una faida yake. Ukisaga mwenyewe kinuni, usikoboe mahindi mpaka yawe meupe kama chaki.

Jihadhari sana na mahindi na njugu zenye ukungu. Mwaka 2004 watu 125 walikufa katika sehemu za mashariki ya Kenya kwa kula mahindi yenye sumu ya ukungu iitwayo aflatoksini. Mwezi wa Machi 2021 sumu hiyo hiyo ilifanya mahindi ya Uganda na Tanzania yazuiwe kwa siku chache kuingia Kenya, na wafanyabiashara wetu wa mpakani walipata hasara. Sumu hii haiishi kwa kupikwa. Kausha vizuri, weka juu ya mbao, na tupa zilizooza.

UKINUNUA, NUNUA KWA AKILI

Ziko siku ambazo lazima ununue. Basi chagua. Nunua mahindi ya kuchemsha, githeri, viazi vitamu au mayai kutoka kwa mama mwenye vyombo safi na chakula cha moto. Ukinunua rolex, mwambie atie nyanya na kabichi, na apunguze mafuta. Ongeza chungwa au ndizi mbivu. Badala ya soda, wape watoto maji yaliyochemshwa. Chai isinywewe pamoja na chakula, maana hupunguza madini ya chuma mwili uyapatayo kutoka kwenye mboga na maharagwe. Ngoja kama saa moja.

KAZI YA BABA

Makala kama haya huandikiwa akina mama, kana kwamba wao peke yao ndio walao. Lakini kikapu cha joto chaweza kushonwa na baba. Kitalu cha mboga chaweza kulimwa na baba. Tena pesa za chipsi mara nyingi hutoka mfukoni mwake. Mwendesha boda boda apitaye sokoni mara ishirini kwa siku hashindwi kuleta fungu la kunde na kibaba cha omena. Nyumba ambayo wote wawili wanatafuta pesa, haifai mmoja tu apike.

Haraka haraka haina baraka, walisema wazee. Lakini hawakukataza haraka iliyopangwa jana yake. Anza na jambo moja wiki hii: jioni ya leo roweka maharagwe. Wiki ijayo shona kikapu. Mvua ikinyesha, panda marando. Ukitaka mbegu au mafundisho, mwulize afisa wa kilimo wa wadi yako, au nenda kituo cha utafiti cha KALRO kilichoko Alupe, kati ya Busia na Malaba.